Kuwa na Anwani ya Mtu si Kuwa na Ruhusa Yake: Hotuba kwa Wafanyabiashara wa Mtwara

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, wafanyabiashara wenzangu, na ninyi vijana mlioacha shughuli zenu asubuhi hii mkaja kutusikiliza: Asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie barua pepe za matangazo zinazotumwa kwa mkupuo kwa watu ambao hawakuziomba: kama sheria inaziruhusu, na kama ni haki kuzituma hata pale ambapo mkono wa sheria haujamfikia mtumaji. Nimefurahi kwamba maswali hayo mawili yamewekwa pamoja. Mara nyingi hapa mjini huulizwa la kwanza peke yake, tena kwa nia ya kutafuta mwanya: "Wakili, nikiweka kitufe cha kujiondoa pale chini kabisa ya barua, si nitakuwa salama?" Jibu langu ni hapana, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo itaeleza kwa nini.

Tuwekane sawa kwanza juu ya jambo lenyewe. Mwenye kiwanda cha kubangua korosho kule Newala akitafuta jina la ofisa manunuzi wa kampuni moja ya Uholanzi, akasoma kampuni hiyo hununua daraja gani, kisha akamwandikia ofisa huyo barua moja inayomtaja kwa jina, ikaeleza bei ya daraja la W320 la korosho iliyobanguliwa na lini sampuli zinaweza kufika, huyo anafanya biashara kama ilivyofanywa siku zote, na sina ugomvi naye. Barua yake haikuombwa, lakini imeandikwa kwa mtu mmoja na kwa sababu inayomhusu mtu huyo. Vilevile, mwenye duka aliyewauliza wateja wake kama wangependa kupata bei mpya kila mwezi, wakakubali, akawatumia wote kwa pamoja, hana kosa, hata wakiwa elfu kumi. Ninayemzungumzia mimi ni yule anayechukua maelfu ya anwani asizojua zilikotoka, akaziandikia zote maneno yale yale, akitumaini kwamba katika bahari hiyo atakuwamo mnunuzi. Mambo mawili lazima yakutane ndipo kosa likamilike: wingi, na kukosekana kwa ridhaa.

Jambo hili si geni. Tarehe 3 Mei 1978, ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, Gary Thuerk, alituma tangazo la maonyesho ya kompyuta mpya kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET, mtandao uliogharamiwa na serikali kwa ajili ya utafiti. Walalamikaji walikuwa wengi, na wasimamizi wa mtandao wakamkanya, lakini kompyuta ziliuzwa. Mvutano wote tunaouona leo umo ndani ya tukio hilo moja, yaani mtumaji aliyefaidika kwa kutumia njia iliyolipiwa na wengine kwa kazi nyingine.

Naomba tukae hapo kwenye malipo, kwa sababu ndiko uzito wa maadili ulipo. Anayetangaza redioni analipia sekunde zake, na anayesimamisha bango barabara ya kwenda uwanja wa ndege analipia bango na kibali chake. Gharama hiyo humlazimisha afikiri kabla ya kusema, na humzuia asimsemeshe kila mtu juu ya kila kitu. Barua pepe haina kizuizi hicho. Utaratibu unaotumika kuzisafirisha uliandikwa mwaka 1982, wakati waliokuwa mtandaoni walikuwa wachache na wakiaminiana, na haukumtaka mtumaji athibitishe kwamba jina aliloliandika ni lake wala haukumtoza chochote kwa kila barua ya ziada. Kwa hiyo kutuma barua moja na kutuma barua milioni moja humgharimu mtumaji karibu sawasawa. Tofauti hulipwa na wengine: na watoa huduma wanaohifadhi na kuchuja, na waajiri ambao saa za watumishi wao hupotea, na yule mama wa Kitangari anayefungua barua kwa bando la siku alilonunua kwa fedha yake, akapakuliwa picha tano za magodoro ya duka lililoko Dar es Salaam.

Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu viwili vya California, kimoja Berkeley na kingine San Diego, walifanikiwa kuingia ndani ya mtandao wa kompyuta zilizotekwa ulioitwa Storm, wakahesabu kinachotokea kwa kampeni moja ya matangazo ya dawa. Barua zilizotumwa zilikaribia milioni 350. Waliofika hadi hatua ya kununua walikuwa 28. Nawaomba mzipime tarakimu hizo kwa utulivu. Kama kutuma kungekuwa na gharama ya haki, hata shilingi moja kwa barua, hakuna mwenye akili timamu angetuma barua milioni 350 apate wateja 28. Biashara ya namna hiyo husimama kwa sababu moja tu, kwamba hasara ya wale mamilioni wengine haiandikwi katika vitabu vya mtumaji. Kumfanya mtu alipie tangazo ambalo hakulitaka ni kuchukua kitu chake, hata kama kitu hicho ni kidogo, na udogo wa kitu kwa kila mmoja haupunguzi wingi wake kwa jumla.

Sasa niwaonyeshe barua moja kwa karibu. Mteja wangu mmoja wa hapa mjini aliipokea, akaniletea ikiwa imechapishwa. Kichwa chake kilisema "Re: Oda yako", kana kwamba mteja wangu aliwahi kuagiza kitu na huyo mwandishi anamjibu, ilhali hawakuwahi kuandikiana. Sehemu ya wapokeaji ilijaza ukurasa mzima na zaidi, kwa sababu aliyetuma aliweka anwani zote wazi, kila mmoja akaona za wengine: humo mlikuwa na muuguzi, mwalimu mkuu, ofisi ya kanisa, msimamizi wa ghala na vijana kadhaa ambao bila shaka waliwahi kuacha wasifu wao mahali wakiomba kazi. Chini hapakuwa na jina la mtu, wala namba ya usajili, wala mahali pa kuipata kampuni hiyo, ila neno "Uongozi". Bidhaa iliyotangazwa ilikuwa halali kabisa, pampu za kupulizia mikorosho, na huenda zilikuwa nzuri. Lakini katika ukurasa huo mmoja mtumaji alikuwa amedanganya kwenye kichwa, amejificha, na amegawa anwani za watu wasiomjua kwa watu wasiojuana.

Mnisaidie kulifikiria jambo hili. Mzee aliyezoea kupokea barua kutoka kwa asiyemjua, yenye kichwa cha uongo na isiyo na jina mwishoni, kisha akaambiwa na wanawe kwamba hiyo ni biashara ya kawaida, atamtambuaje tapeli siku atakapokuja? Sote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na Mamlaka ya Mawasiliano imetupa namba 15040 ya kuziripoti. Tapeli wa barua pepe huvaa nguo zile zile alizovaa muuza pampu. Mfanyabiashara mwaminifu anapoandika kwa mtindo wa kitapeli, humfungulia tapeli njia, na hilo ni dhambi yake hata kama pampu zake hazina kasoro.

Nije kwenye sheria zetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, na inayataja pia mawasiliano yake binafsi. Juu ya msingi huo zimejengwa sheria tatu ambazo kila anayetaka kutangaza kwa barua pepe anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na ndiyo inayogusa moja kwa moja matangazo ya biashara yasiyoombwa. Inakataza kuyatuma isipokuwa mlaji amekubali, utambulisho wa mtumaji na kusudi la ujumbe vimewekwa wazi tangu mwanzo wa ujumbe, na mpokeaji amepewa njia ya kukataa jumbe zinazofuata. Angalieni kwamba masharti hayo hayachaguliwi moja uliache jingine. Kitufe cha kujiondoa ni sharti mojawapo. Hakiwezi kusimama mahali pa ridhaa. Sheria hiyo ina unafuu mmoja wa busara: ridhaa huhesabiwa kuwa ipo pale ambapo anwani ilipatikana katika mauzo au mazungumzo ya mauzo, unachotangaza ni bidhaa au huduma zinazofanana na hizo, mteja alipewa nafasi ya kukataa tangu mwanzo akaiacha, na kila ujumbe unaofuata unampa nafasi hiyo tena. Kwa maneno mengine, aliyenunua pembejeo kwako mwaka jana unaweza kumwarifu juu ya salfa ya kupulizia mikorosho msimu huu, kama ulimpa nafasi ya kusema hataki. Humwarifu juu ya viwanja vya shemeji yako.

Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, nayo ya mwaka 2015, ambayo wengi huitaja kwa hofu bila kuisoma. Inazungumzia kuanzisha, kusambaza au kughushi utambulisho wa jumbe zisizoombwa, na adhabu yake huanzia faini isiyopungua shilingi milioni tatu au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Lakini kosa hilo limefungwa kwenye nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, kwa hiyo si sahihi kumtisha kila aliyetuma tangazo kwamba ni mhalifu wa mtandao. Nasema hivi kwa sababu nimesikia vitisho vya aina hiyo vikitumiwa na washindani wa biashara, na sheria haikutungwa kwa kazi hiyo.

Ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hii haianzii kwenye barua, inaanzia kwenye orodha. Inauliza: taarifa za mtu huyu ulizikusanya vipi, alijua ni kwa ajili ya nini, na je, sasa unazitumia kwa kazi ile ile? Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume. Mtu ambaye taarifa zake zinatumika kumtangazia biashara ana haki ya kudai matumizi hayo yasitishwe, na anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume. Anayetoa au kuuza taarifa za watu kinyume cha sheria anakabiliwa na faini inayoweza kufika shilingi milioni 20 au kifungo kinachoweza kufika miaka 10, na ikiwa ni kampuni, faini inaweza kufika shilingi bilioni 5. Yule kijana anayeuza flashi yenye "anwani za wafanyabiashara wa Kusini" anafanya biashara ya hatari kuliko anavyodhani, na anayeinunua asijione kuwa mbali na hatari hiyo.

Hapa naomba niwashike kidogo, kwa sababu sheria hii inatugusa katika mambo tuliyoyazoea kiasi cha kutoyaona. Chukueni daftari la wageni. Kila nyumba ya kulala wageni, kuanzia Shangani hadi Masasi, Nachingwea na Kilwa Masoko, inalo daftari ambalo mgeni huandika jina, atokako, aendako, kazi yake, namba ya simu, na siku hizi mara nyingi barua pepe. Mgeni haandiki kwa hiari ya moyo wake. Anaandika kwa sababu hapewi ufunguo asipoandika, na sababu ya daftari hilo ni usalama. Daktari aliyelala siku mbili akiwa safarini kikazi hakumwambia mwenye nyumba ya wageni, wala hakudokeza, kwamba angependa kupokea matangazo ya sherehe za Iddi na za mwaka mpya kutoka kwake. Na wapo wageni ambao kule kujulikana tu kwamba walilala mahali fulani usiku fulani kunaweza kuwaletea madhara. Barua ya "Karibu tena, mgeni wetu mpendwa" ikifunguliwa na mtu mwingine nyumbani inaweza kuvunja jambo ambalo mwenye lodji hakulikusudia hata kidogo.

Chukueni na orodha za vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima. Mkulima wa Tandahimba hutoa jina, ukubwa wa shamba, namba ya akaunti na namba ya simu ili apate pembejeo na ili malipo yake ya mnada yamfikie kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani. Alitoa kwa kazi hizo. Orodha hiyo ni mali ghafi inayotamaniwa na kila muuza mikopo, muuza pikipiki na muuza bati, hasa kuanzia Oktoba, fedha za korosho zinapoanza kuingia. Kiongozi wa chama anayeombwa orodha hiyo kwa "soda kidogo" ajue kwamba hauzi karatasi yake. Anauza imani ya watu waliompa kura.

Na tuitazame karatasi ya mahudhurio inayozunguka humu ukumbini sasa hivi. Ina safu ya jina, ya taasisi, ya simu, ya barua pepe na ya saini. Ninyi mmejaza kwa sababu mwandaaji anataka kuthibitisha kwamba mlikuja. Katika semina nyingi nimeona mtu akiipiga picha kwa simu kabla haijamfikia aliye mbele, na wiki inayofuata washiriki wote wanatangaziwa bima. Tumeafikiana na mwandaaji kwamba anayetaka kutumiwa nakala ya hotuba hii ataweka alama kwenye karatasi nyingine, ya peke yake, na asiyeweka hatatumiwa kitu. Ni kazi ya karatasi moja zaidi, na hivyo ndivyo ridhaa inavyopatikana katika maisha ya kawaida.

Niseme sasa juu ya sheria za wengine, kwa maana Mtwara ni bandari na korosho yetu haiishii hapa. Inakwenda India na Vietnam, na iliyobanguliwa inatafuta soko Ulaya na Amerika. Wale vijana wanaoniuliza juu ya kitufe cha kujiondoa wameliokota wazo hilo Marekani. Huko ipo sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Desemba 2003 ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2004, inayojulikana kama CAN-SPAM. Inakataza utambulisho wa uongo na vichwa vya kupotosha, inadai anwani halisi ya posta na njia ya kujiondoa, na inampa mtumaji siku 10 za kazi kutekeleza ombi la anayejiondoa. Ila haidai ridhaa kabla ya barua ya kwanza. Kwetu huku pwani mtu hubisha hodi, na akisha kubisha mara tatu asiitikiwe hurudi alikotoka; sheria hiyo ya Marekani inamruhusu mgeni aingie kwanza hadi sebuleni, ndipo mwenye nyumba aseme kama anataka atoke. Wamarekani wana haki ya kujitungia sheria waitakayo, lakini si yetu, na nakala ya barua yao iliyotafsiriwa kwa Kiswahili haiji na sheria yao ndani ya bahasha.

Ulaya walishika njia nyingine. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 juu ya faragha katika mawasiliano linataka ridhaa kabla ya kumtumia mtu binafsi matangazo kwa barua pepe, likiwa na unafuu kwa wateja wa zamani unaofanana sana na wa kwetu, na kanuni yao kuu ya ulinzi wa taarifa, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, imeweka wazi kwamba ukimya au kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama si ridhaa. Kwa anwani za makampuni, nchi zimetofautiana: Ujerumani inadai ridhaa hata hapo, Uingereza imelegeza. Kanada nao, tangu tarehe 1 Julai 2014, wanadai ridhaa, na kampuni inayokiuka inaweza kutozwa hadi dola milioni 10 za Kanada, sheria yao ikihesabu ujumbe unaofunguliwa kwenye kompyuta iliyoko kwao hata kama umetoka nje. Mbanguaji wetu anayetaka soko la Hamburg na Toronto hatafika mbali kwa kusema kwamba yeye yuko Mtwara.

Hata kama hakuna mwendesha mashtaka wa Kijerumani atakayepanda ndege kuja huku, ipo adhabu inayofika haraka zaidi. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wameweka masharti kwa wanaotuma kwa wingi. Kwa Gmail, anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku lazima athibitishe utambulisho wa kikoa chake, yaani lile jina linalofuata alama ya @ katika anwani yake, kwa taratibu tatu za kiufundi ziitwazo SPF, DKIM na DMARC, aweke njia ya kujiondoa kwa bonyezo moja, na malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu. Hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na uthibitisho wa msingi. Ukivuka mpaka huo, barua zako zote zinaanza kuangukia kwenye folda ya Barua Taka, na hapo mfumo hautenganishi tangazo na ankara. Makampuni madogo mengi hukodi nafasi kwenye seva moja ya pamoja, kwa hiyo jirani mmoja akiichafua anwani ya seva hiyo, wengine huchafuka naye. Msichana wa Ligula anayesubiri barua ya kuitwa kwenye usaili, na mnunuzi wa ufuta anayesubiri ankara kutoka Lindi ili alipe, wote wanaweza kukosa barua halali kwa sababu ya mtu wasiyemjua aliyejaribu bahati yake kwa anwani elfu tatu. Madhara haya hayaonekani, maana aliyekosa barua hajui kwamba ilitumwa.

Najua kuna hoja nzito upande wa pili na sitaki kuipita kana kwamba haipo. Mjasiriamali mdogo wa Mtwara yuko mbali na soko kubwa. Redio ni ghali, kusafiri kwenda kwenye maonyesho ya Sabasaba ni ghali, na makampuni makubwa yanajulikana tayari. Barua pepe ni miongoni mwa njia chache ambazo mwenye mtaji mdogo anasimama sawa na mwenye mtaji mkubwa, na mtu anayeambiwa asiitumie anaweza kuona kwamba anafungiwa mlango wa riziki. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo maana sisemi msitume. Nasema orodha ijengwe kwa kuomba. Anayenunua mafuta ya nazi dukani kwako muulize kwa mdomo wake kama ungeweza kumwandikia, umwambie utamwandikia nini na mara ngapi, na andika tarehe aliyokubali. Baada ya msimu utakuwa na watu mia moja au pungufu. Orodha itaonekana fupi ukiilinganisha na flashi ya elfu tatu, lakini hao ni watu wanaolijua jina lako, watakaofungua barua, na ambao hawatabonyeza kitufe cha kukushitaki kwa Gmail. Unyonge wa mtaji wangu haunipi haki ya kutumia bando la mnyonge mwenzangu.

Nimeulizwa pia juu ya jumbe zisizo za kuuza kitu: za kampeni za siasa, za mahubiri, za michango. Sheria nyingi za matangazo zinagusa biashara peke yake, na hapo mwanasheria anaweza kunyamaza. Kimaadili sioni tofauti kubwa. Uzuri wa jambo unaloliamini haumwondolei mwingine haki ya kuamua nani amwandikie, na hali kadhalika kwa wale wanaotuunganisha kwenye makundi ya michango ya harusi bila kutuuliza. Viongozi wetu wa dini waliopo hapa wana nafasi ya pekee ya kulionyesha hili kwa mfano, kwa sababu orodha za waumini ni miongoni mwa orodha kubwa kabisa tulizo nazo katika mikoa hii miwili ya Mtwara na Lindi.

Linabaki swali ambalo wengi mmeniuliza tulipokuwa tunaingia: mnao tayari orodha za zamani, hamkumbuki zilikotoka, mfanyeje? Wengine wamependekeza kwamba muwaandikie wote mara moja tu, kuwauliza kama wanakubali. Inaonekana kuwa ni adabu, lakini barua hiyo yenyewe ni barua ya wingi isiyoombwa. Machi 2017, ofisi ya kamishna wa taarifa wa Uingereza iliitoza kampuni ya ndege ya Flybe faini ya pauni 70,000 kwa kutuma barua zaidi ya milioni tatu za kuwataka watu wahakikishe taarifa zao na mapendeleo yao, wakati watu hao walikwisha kusema hawataki kuandikiwa. Honda nayo ilitozwa pauni 13,000 kwa kuwaandikia watu kuwauliza kama wanataka matangazo, bila kuweza kuonyesha kwamba watu hao waliwahi kukubali kuandikiwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni mkavu. Wale mnaoweza kuonyesha risiti au mazungumzo ya mauzo nao, watengeni kwenye orodha yao, na barua ya kwanza mtakayowaandikia iwe ya bidhaa zinazofanana na walizonunua, yenye jina lenu mwanzoni na njia ya kukataa iliyo wazi. Wengine wote wafuteni, pamoja na nakala zilizoko kwenye flashi na kwenye simu za waliokuwa wakiwafanyia kazi.

Mwandaaji ametupa chumba cha pembeni baada ya swala ya adhuhuri na chakula. Nitakuwa pale kupitia maneno ya fomu zenu, moja baada ya moja, na kueleza hatua za kujisajili kwa Tume. Wenye nyumba za wageni na viongozi wa vyama vya msingi tutaanza nao, na nawaomba mje na fomu tupu, si zile zilizokwisha kujazwa.